Pete Machoni mwa Samuel Mangi

Samuel Mangi Garama alizaliwa alfajiri ya Jumapili, tarehe 17 Machi 1996, nyumbani kwao Mwangulu, upande wa Lunga Lunga, katika iliyokuwa wilaya ya Kwale. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Garama Mangi, mkulima na mfugaji, na Bi. Kanze Chome. Kwa desturi ya nyumbani alipewa jina la babu yake mzaa baba, na kwa hiyo nyanya yake, Bi. Kache, ambaye alikuwa amefiwa na babu huyo miaka miwili kabla, alimpokea kama mume aliyerudi. Tangu Samuel alipojifunza kutembea, nyanya hakumwita jina jingine isipokuwa "mume wangu." Akirudi kutoka shuleni mikono mitupu, alimwuliza mbele ya wageni, "Mume wangu, ugoro wangu uko wapi? Nife na kiu ya tumbaku nikiwa na mume mzima?" Naye Samuel, akiwa na miaka saba, alikuwa akimjibu kwa upole, "Vumilia mpaka mwisho wa mwezi, mke wangu."

Alitanguliwa na dada yake, Sidi, na kufuatwa na Fondo na Cynthia. Sidi ndiye aliyembeba mgongoni na kumfundisha kuandika jina lake kwa kijiti mchangani. Mwezi wa Agosti mwaka 2008, Sidi akiwa na miaka kumi na mitano, macho yake yaligeuka rangi ya manjano. Miguu ikavimba, kisha tumbo. Wiki ya tatu alikuwa kaburini. Samuel alikuwa darasa la sita, na ndiye aliyetumwa shuleni kurudisha vitabu vya dada yake.

Hapakuwa na jibu la daktari, kwa hiyo watu walijitafutia lao. Wazee wa huku huhesabu damu ya mtu kwa upande wa mama, na magonjwa ya ukoo nayo huhesabiwa upande huo huo. Ilijulikana kwamba kaka yake Bi. Kanze alifariki akiwa kijana, naye macho yakiwa ya manjano. Shangazi mmoja alisimama katikati ya matanga akasema, "Hili si letu. Kanze amekuja nalo kutoka kwao, na amelipitisha tumboni." Maneno hayo yalirudiwa kisimani na njiani mpaka Bi. Kanze alipofunga mzigo wake akarudi kwao Ndavaya, akakaa huko miezi kumi na minne. Watoto walibaki na nyanya. Cynthia alikuwa bado hajatimiza miaka miwili, na Samuel ndiye aliyemlisha uji, kijiko baada ya kijiko, kabla ya kwenda darasani. Katika mabishano yote hayo Bi. Kache, ambaye ana neno kwa kila jambo, hakusema kitu. Wengi walidhani ni majonzi.

Samuel alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 2003 hadi 2010, kisha shule ya sekondari Lunga Lunga kuanzia 2011 hadi 2014. Hakuwa wa kwanza darasani, lakini alikuwa na mwandiko ambao walimu waliutumia kuandikia matangazo ya shule. Katika likizo ya Agosti mwaka 2013, alipokuwa kidato cha tatu, alikuwa ameketi uani asubuhi jua likimpiga usoni. Nyanya alimkazia macho, kisha akapiga makofi.

"Njooni muone! Wenzake huvaa pete kidoleni. Mume wangu ameivaa machoni, ili asipate kunikana!"

Kweli palikuwa na duara jembamba pembezoni mwa weusi wa kila jicho, lenye rangi kama ya dhahabu iliyochakaa. Watu walicheka, na Samuel akaona haya. Bi. Kanze peke yake aliacha kupepeta mahindi. "Sidi pia alikuwa nayo," alisema. Hakuna aliyelifuata neno hilo. Samuel alikuwa na miaka kumi na saba.

Baada ya kidato cha nne alisomea huduma za hoteli katika chuo kimoja cha Ukunda, na mwezi wa Januari 2017 aliajiriwa kuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya Diani. Huko ndiko alikopewa jina la Mizani, kwa sababu ya utulivu wa mikono yake. Wenzake wanasimulia mpaka leo kwamba siku moja alikuwa akishuka ngazi za kwenda ufuoni na sinia lenye glasi nane za maji ya matunda. Kima aliruka kutoka juu ya paa, akatua begani kwake, akachukua kipande cha nanasi kutoka kwenye ukingo wa glasi ya kwanza, akaondoka. Halikumwagika tone. Samuel alifika mezani, akamwinamia mgeni na kusema, "Samahani, moja imeonjwa."

Ukunda ndiko alikokutana na Hannah, fundi cherehani aliyekuwa akishona sare za hoteli. Kila wiki Samuel alimpelekea shati lililong'oka kifungo. Wiki ya tano Hannah alimwuliza, "Wewe kaka, hubebi mizigo, hupigani, glasi zako hazianguki. Vifungo hivi vinang'olewa na nani?" Samuel alikiri palepale kwamba alivikata mwenyewe kwa wembe. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 7 Desemba 2019, katika kanisa la nyumbani Mwangulu, na tarehe 2 Mei 2021 Mungu akawajalia mtoto wa kiume, ambaye walimpa jina la Garama.

Mwandiko ndio ulioanza kumsaliti. Katikati ya mwaka huo huo wa 2021 wapishi walianza kumrudishia karatasi zake. "Mizani, buda," mwenzake mmoja kutoka bara alimtania, "hii ni oda ama kuku amepita hapa na miguu?" Samuel alicheka pamoja nao. Nyumbani alijaribu kuandika jina lake mara kumi mfululizo, na kila mara herufi zilikuwa ndogo zaidi na zimejikunja zaidi. Hannah aliikuta karatasi hiyo chini ya godoro. Mwezi wa Desemba bakuli la supu lilimponyoka mbele ya wageni. Msimamizi alimvuta pembeni akamnusa mdomo. Tarehe 28 Februari 2022 alipewa barua ya kuachishwa kazi kwa kosa la ulevi.

Inafaa ieleweke kwamba Samuel hakuwahi kuonja mnazi wala pombe ya aina yoyote maishani mwake. Alikuwa mwalimu wa kwaya. Lakini alirudi Mwangulu akiwa na mikono inayotetemeka, ulimi mzito, miguu iliyovimba na tumbo linaloanza kujaa, na kila aliyemwona alijua jibu kabla ya kuuliza. "Diani imemnywesha," walisema. Hata katika kituo kimoja cha afya aliambiwa aache pombe. Aliposema hanywi, aliyekuwa akimwandikia dawa hakuinua kichwa: "Wote husema hivyo."

Waliompenda walifanya walilolijua. Kwa desturi, mbuzi akichinjwa nyumbani, maini ni ya mwenye boma. Mzee Garama, ambaye si mtu wa maneno mengi, alianza kusukuma sahani yake kuelekea kwa mwanawe. "Kula, damu irudi." Alifanya hivyo kila mbuzi alipochinjwa, kwa mwaka mmoja na nusu, na baadaye alichinja hata pasipo sababu. Bi. Kanze naye alimkaangia korosho kila jioni. Samuel alikula vyote kwa heshima, na alizidi kudhoofika.

Alhamisi, tarehe 14 Septemba 2023, kulikuwa na kambi ya matibabu ya macho Lunga Lunga. Samuel alimpeleka Bi. Kache, ambaye ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili. Mwuguzi wa macho, Bi. Mwanarusi, alimpima, akamwandikia siku ya upasuaji. Nyanya hakutaka kuondoka kitini.

"Binti yangu, haya yangu ni mabovu. Umtazame na mume wangu. Yeye macho yake yana pete."

"Mume wako ni huyu?" Bi. Mwanarusi alicheka. "Bibi, umeniacha wapi? Haya shemeji, keti."

Samuel aliketi, akaweka kidevu chake kwenye chombo, na mwuguzi akainama kutazama. Nyanya, ambaye hakuwa akiona, aliendelea kuongea na kucheka peke yake. Bi. Mwanarusi alitazama jicho la kulia, akatazama la kushoto, akarudi la kulia. Alipoinua kichwa hakuwa na kicheko tena.

"Kaka," aliuliza polepole, "mikono yako imeanza lini kutetemeka?"

"Miaka miwili sasa."

"Una ndugu wa tumbo moja?"

"Tulikuwa wanne."

"Mlikuwa?"

Wiki iliyofuata alipokelewa Mombasa na Daktari Salimu, bingwa wa magonjwa ya ini, na baada ya vipimo vya damu na mkojo alipewa jina la adui yake: ugonjwa wa Wilson. Shaba, ile ile ya nyaya za umeme, imo kwa kiasi kidogo sana katika karibu kila chakula. Ini lenye afya huchukua kiasi linachohitaji na kutoa kilichobaki kupitia nyongo. Ini la Samuel halikuweza kutoa. Shaba iliingia tangu alipozaliwa, ikakaa. Ini lilipojaa, ikamwagikia kwenye damu, ikaenda ubongoni ikatikisa mikono, ikaenda machoni ikajichora duara. Kila kitu kilichokuwa kikimpata kilikuwa kimeandikwa usoni pake kwa miaka kumi, na watu walikuwa wamekisifia.

"Ungeonekana ukiwa na miaka kumi na saba," Daktari Salimu alimwambia, "ungemeza dawa, ukazeeka nazo."

Daktari alipotaja vyakula vya kuepuka, maini yalikuwa ya kwanza na korosho hazikuwa mbali. Mzee Garama alisimama akatoka nje. Daktari alimfuata mpaka kwenye korido. "Mzee wangu, nisikilize. Ini lake lilikuwa limeharibika kabla hujamkatia kipande cha kwanza. Si wewe." Mzee alijibu, "Nimekusikia, daktari." Tangu siku hiyo hajala maini.

Ndipo daktari alipouliza kama katika ukoo wa baba kulikuwa na aliyefariki hivyo. Mzee alisema hakuna. Bi. Kache alikuwa ameketi pembeni, bandeji bado jichoni, kwani alikuwa amefanyiwa upasuaji siku tatu kabla na hakukubali kuachwa nyumbani. Akasema, "Yupo. Mtoto wangu wa tatu, msichana. Mwaka wa sabini na moja, wewe Garama ukiwa unanyonya. Macho yalikuwa manjano." Kisha akageuka upande aliosikia pumzi za mkaza mwanawe. "Kanze, nilikuacha ukabebeshwa peke yako. Nilijua, nikanyamaza." Bi. Kanze alikuwa amengoja maneno hayo miaka kumi na mitano. Alimfunika mkwewe kanga mabegani, kwa sababu chumba kilikuwa na baridi.

Samuel ndiye aliyewaelewesha watu wa nyumbani, kwa lugha ya hotelini, akitamka neno moja moja kwa taabu.

"Baba, hoteli ina mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Vyakula vinaingia mbele, taka zinatoka nyuma. Mlango wa nyuma una funguo mbili, mmoja wa baba, mmoja wa mama. Ukiwa na mmoja mzima, unafunguka."

"Na wewe?"

"Wewe una mzima mmoja na mbovu mmoja. Mama vivyo hivyo. Ndiyo maana hamkuugua. Mimi na Sidi kila mmoja wenu alitupatia ule mbovu."

"Kwa hiyo nami nilikupa."

"Mlinipa gizani, baba. Hamkuona." Kisha akasema lile ambalo alilirudia mpaka siku ya mwisho: "Lakini bado kuna wawili."

Fondo alipimwa mwezi wa Oktoba 2023. Hana ugonjwa. Cynthia alikuwa kidato cha tatu, na Mzee Garama aliomba amalize shule kwanza. Alipomaliza kidato cha nne mwaka jana, mzee aliomba yasubiriwe matokeo. Matokeo yalipotoka, alisema kilichokuwa moyoni mwake: "Mkimpima, mkampata nalo, nani atamwoa?" Cynthia mwenyewe hakutaka. Samuel alimwita kila alipopata nguvu.

"Cynthia, twende."

"Kaka Mizani, mimi sina kitu. Tazama." Alinyoosha mikono yote miwili mbele yake. Ilikuwa imetulia kabisa.

"Na yangu ilitulia," Samuel alisema. "Unafikiri jina hilo walinipa kwa nini?"

Dawa zilimsaidia kwa muda. Alizimeza tumbo likiwa tupu, kwa saa, bila kukosa, na zilipokosekana Mombasa Hannah alipanda basi kuzifuata Nairobi. Miezi minane ya kwanza aliweza tena kushika kikombe. Alipokuwa hawezi kufunga vifungo, Hannah alivitoa katika mashati yake yote akashona zipu, ili avae mwenyewe. Lakini ini lilikuwa limegeuka kovu. Tarehe 27 Mei mwaka huu alitapika damu, akalazwa. Alhamisi, tarehe 5 Juni, aliomba aletewe Cynthia.

"Jumatatu," alimwambia. "Ukishanizika."

"Kaka, usiseme hivyo."

"Sema ndiyo."

Cynthia alisema ndiyo. Jumapili, tarehe 8 Juni 2025, saa tatu na robo asubuhi, Hannah alikuwa amemshika mkono. Mkono huo ulipotulia, alijua bila kuambiwa.

Lipo jambo moja la wiki hii ambalo Cynthia mwenyewe ameruhusu liandikwe. Jumatano asubuhi, katika matanga, alimpelekea nyanya chai uani. Kisahani kilikuwa kikigongagonga kikombe. Sauti ilikuwa ndogo, lakini wanawake waliokuwa wakikuna nazi waliacha, mmoja baada ya mwingine. Bi. Kache, ambaye sasa anaona vizuri kwa macho yote mawili, alisema, "Weka chini. Inama hapa juani." Alimshika kidevu, akamtazama jicho hili, akamtazama lile.

"Nyanya, vipi?"

Safari hii nyanya hakupiga makofi wala kumwita mtu aje kuona. "Nenda kamwite baba yako," alisema. Mzee Garama alipofika alimwambia neno moja tu: "Ipo." Mzee alitoa simu yake, akampigia Daktari Salimu palepale, akiwa amesimama.

Daktari ameomba isisahaulike kwamba Cynthia ana miaka kumi na minane, kwamba anatembea, anaandika na hana uvimbe, na kwamba katika umri huo Samuel bado alikuwa na miaka mingi ya kuweza kuokolewa, ikapotea bure. Ameomba pia kila aliyetoka katika ukoo wa Mzee Garama au wa Bi. Kanze, ambaye ana mtoto mwenye macho ya manjano au mikono isiyotulia, asiondoke leo bila kuongea na Bi. Mwanarusi, ambaye ameketi karibu na lango.

Marehemu amewaacha mkewe Hannah; mwanawe Garama, mwenye miaka minne, aliyepimwa mwaka jana akakutwa salama na atakayepimwa tena Januari; wazazi wake, Mzee Garama Mangi na Bi. Kanze Chome; nyanya yake na mke wake wa kwanza, Bi. Kache; kaka yake Fondo; na dada yake Cynthia, ambaye Jumatatu, tarehe 16 Juni, saa kumi na mbili asubuhi, ataondoka hapa kwenda Mombasa pamoja na baba yake.

Shati aliloagwa nalo Hannah amelirudishia vifungo vyote saba, akavifunga kwa mkono wake. Samuel apumzike, mikono ikiwa imetulia. Ahadi aliyoidai italipwa Jumatatu.